Vipande Viwili vya Mama

Mjomba Abdulswamad hakunificha. Aliniambia wazi, huku anakwangua tope kwenye jembe, kwamba zile nyama nilizompa Jumatano azipeleke maabara alikuwa amezizika.

"Umezizika?"

"Nimezizika, mwanangu. Kwa heshima zote. Nimeziosha, nimezifunga kitambaa cheupe, nimezilaza kule kwa bibi yako."

Nilikuwa nimesimama uani kwake, Kinole, viatu vyangu vya shuleni vimejaa udongo, kiuno kinauma kwa kurushwa na pikipiki kutoka barabara kuu hadi kule juu. Tangu asubuhi nilikuwa napiga simu yake haipatikani. Sasa mzee ananiambia habari za kitambaa cheupe. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilitaka kulia, hasira zikakataa.

Nyama zenyewe zilikuwa za mama yangu, Bi Zuleha, ambaye ni dada yake Mjomba wa tumbo moja. Tangu mfungo ulipoisha mama alikuwa anakonda tu. Macho yakaingia njano, mkojo ukawa mweusi, mwili ukamwasha hadi anajikuna mgongo kwa gunzi la muhindi. Nilimshusha mjini kwangu Mafiga, tukazunguka na vipimo, na Jumanne ile Dokta Gabrieli akamfungua tumbo.

Alipotoka chumba cha upasuaji alinivuta pembeni ya korido, kofia bado iko kichwani. Akanieleza kwamba kongosho limevimba na kuwa gumu, limeubana mfereji wa nyongo, na ini lote limejaa vipele vyeupe vidogo vidogo. Alichoweza kufanya ni kuitengenezea nyongo njia nyingine ya kupita. Kisha alikata kipande kimoja cha ini na kimoja cha kongosho, akafunga.

"Kwa macho, mwalimu, inafanana na saratani," akasema. "Na kama ni saratani imeshafika mpaka kwenye ini, hatuna la kufanya. Mtarudi naye nyumbani, mkae naye vizuri. Lakini macho yangu si darubini. Maabara ndiyo itasema. Ikiwa ni kitu kingine, tunatibu."

Akanikabidhi chupa. Aliyewahi kuuguza anaujua utaratibu: hospitali inakata, ndugu wanabeba. Chupa yangu ilikuwa na dawa kali inayochoma pua, na ndani yake vipande viwili vinavyolingana na punje za maharage. Nilitakiwa nivifikishe kesho yake asubuhi Kilakala, kwenye maabara ya mama mmoja mtaalamu anayeitwa Editha.

Kesho yake ilikuwa siku ya kwanza ya mtihani wa taifa wa darasa la saba, na mimi ni msimamizi. Msimamizi haombi ruhusa. Hata simu unaiacha ofisini. Usiku ule chupa ililala kwenye mkoba wangu chini ya kitanda cha mama, wodini, na asubuhi nikampa Mjomba, ambaye alikuwa ameshuka kwa ajili ya upasuaji. Nilimwambia, nakumbuka maneno yangu: "Mjomba, hii ni nyama ya mama, ipeleke Kilakala, umuulizie Editha." Akaitia mfukoni mwa koti. Nikakimbia.

Sijui kwa nini niliamini. Labda kwa sababu kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mkubwa wa ukoo ni mjomba. Mimi mwenye diploma, niliyelala sakafuni wodini siku tisa, sikuwa na uzito wowote. Mama mwenyewe alikataa kusaini karatasi ya upasuaji mpaka kaka yake ashuke. Siku mbili daktari alimsubiri mzee auze ndizi zake kwanza. Nilivumilia hilo pia.

Ukapita mtihani, ikapita wikiendi. Jumatatu saa nne nikampigia Editha kuuliza majibu yatatoka lini.

"Majibu ya nani?" akauliza. "Mimi sijapokea kitu."

Ndiyo nikapanda mlima.

"Mjomba," nikasema pale uani, najitahidi kushusha sauti, "nilikwambia uzipeleke maabara."

"Uliniambia."

"Sasa?"

"Kiungo cha mtu hakiachwi kwa watu baki, Shamsia. Mtu akikatwa mguu, mguu unazikwa. Hilo hujalisoma huko chuoni?"

"Mguu umeshakatwa, hauna majibu! Hizi zilikuwa zinakwenda kupimwa, ili tujue mama anaumwa nini! Bila majibu watamwita wa saratani mpaka anakufa, na kama si saratani atakuwa amekufa bure!"

Nilikuwa napiga kelele. Majirani walishaanza kusogea kwenye migomba wakijifanya wanatafuta kuku. Mjomba akafumbua mdomo, akaufumba.

"Nimefanya nilivyotakiwa kufanya," akasema.

"Na nani? Nani alikutaka?"

Akainama, akaendelea kukwangua jembe.

Nikamwambia neno ambalo hadi leo nikilikumbuka najisikia vibaya. Nilimwambia mama yangu akifa ni yeye aliyemuua kwa ujinga wake, na yeye akifa sitakanyaga kwenye msiba wake. Kumwambia hivyo mjomba, mbele ya watu, mchana kweupe! Mwanamke mmoja kwenye migomba alishika mdomo. Mjomba alichukua lile jembe, akalirudisha ukutani, akachukua panga dogo la kupalilia, akatangulia njia ya makaburini. Hakutaka nichimbe mimi.

Alichimba taratibu, amepiga magoti, anatoa udongo kwa vidole. Hazikuwa chini sana, kina cha kiganja tu, pembeni ya kichwa cha bibi. Kitambaa kilikuwa kimelowa na kuota ukungu kwenye pindo. Nikakifungua. Vipande vilikuwa bado viwili, vya kahawia, vigumu, havinuki uozo. Vilinuka ile dawa kwa mbali.

"Dawa yenyewe iko wapi?"

"Niliimwaga. Ilinichoma macho."

Nikapanda kwenye jiwe panaposhika mtandao, nikampigia Editha. Alinyamaza, akacheka, kisha akakasirika, vyote ndani ya nusu dakika.

"Zilikaa kwenye dawa muda gani kabla hajaimwaga?"

"Usiku mzima na asubuhi."

"Basi hapo zilikuwa zimeshaiva. Ile dawa inakaza nyama, haiozi upesi. Nisikilize vizuri, mwalimu. Usiziweke kwenye konyagi. Usiziweke kwenye barafu, wala chumvi, wala asali. Nimeshaletewa vyote hivyo. Zifunge kitambaa kibichi, utie kwenye mfuko, uniletee leo hii."

Nilizishusha mlimani nimezishika mkononi njia nzima, dereva wa pikipiki ananiuliza kama nimebeba hirizi. Nilimwambia aangalie mbele.

Editha ni mwanamke mnene wa makamo, miwani imeshuka puani, na maabara yake ni vyumba viwili vyenye harufu ya ile ile dawa. Alivimimina vile vipande kwenye kisahani, akaanza kuviosha kwa brashi laini, punje moja ya mchanga baada ya nyingine, huku ananigombeza. Alisema anavigandisha kwenye nta na kukata kwa kisu chembamba kuliko wembe, na mchanga ukibaki hata punje moja, kisu kinaingia pengo na nyama inachanika. Nami nikagombezwa nimetulia, kitu ambacho si kawaida yangu.

"Siahidi," akasema. "Siku kumi."

Siku kumi zile sizitamani tena. Siku ya tatu mama aliruhusiwa. Nilisema atakaa kwangu Mafiga, karibu na hospitali. Mjomba akasema dada yake atakaa kwao. Tulibishana getini kwa hospitali, mama yuko ndani ya gari ameegemea dirisha, hakuna aliyemgeukia. Akapelekwa Kinole. Simu nilizopigiwa kutoka kule zilikuwa za kunitia wazimu. Shangazi mmoja aliniuliza kama nimeshawajulisha ndugu wa Kingolwira, wajipange. Jirani akaniambia uani kumefyekwa, watu wapate pa kukaa. Mama yangu anakunywa uji kwa mkono wake mwenyewe, watu wameshamfyekea uwanja wa matanga! Na nani wa kuwakataza, wakati hata mimi sina jibu la kuwapa? Yeye mama alikuwa hajaambiwa kitu. Tulikubaliana wote tangu mwanzo, Dokta, mimi na Mjomba, kwamba mgonjwa asitishwe. Tulimwambia amekatwa uvimbe mdogo, yamekwisha. Ndivyo wanavyofanywa wagonjwa wengi, kwa nia njema, na mimi sikuona tatizo.

Siku ya tisa Editha alinipigia mwenyewe. "Njoo uone."

Alinikalisha kwenye stuli mbele ya darubini. Mwanzoni sikuona kitu, rangi za waridi na zambarau tu. Akanirekebishia.

"Tazama katikati. Unaona kitu cha mviringo, kirefu kidogo, kina gamba? Ubavuni kina mwiba."

Nikakiona. Mwiba umechomoza pembeni, hata mtoto angeuona.

"Hilo ni yai la mnyoo wa kichocho. Si kile cha kukojoa damu, hiki ni cha tumbo. Mnyoo mwenyewe ni bapa, anaishi kwenye mishipa ya damu ya utumbo, anataga kila siku. Mayai mengine yanatoka na choo. Mengine yanachukuliwa na damu, yanakwama kwenye ini. Mara chache yanafika mpaka kwenye kongosho, kama haya. Sasa mwili ukishindwa kulitoa yai, unafanyaje? Unalizungushia seli, tabaka juu ya tabaka, unajenga ukuta. Hizo duara zote unazoziona ni kuta hizo. Sisi tunaziita granuloma. Dokta alipofungua tumbo akaona vipele vyeupe, akaona kongosho gumu. Kwa macho hata mimi ningesema saratani. Nimekata nyama zote mbili mpaka zimekwisha, sijaona seli hata moja ya saratani." Akavua miwani. "Mama yako analima mpunga?"

Analima mpunga. Mlimani kwetu maji yanakimbia na ni ya baridi, lakini kila msimu, miaka thelathini na zaidi, mama anateremka bondeni, anakodi jaruba, anasimama kwenye maji yaliyotulia kuanzia kupandikiza mpaka kuvuna. Mpunga huo ndio ulionisomesha.

"Konokono wako mule," Editha akasema. "Vijidudu vinatoka kwenye konokono, vinapenya ngozi. Dawa yake ni vidonge tu. Ninyi walimu si ndio mnaogawa kila mwaka?"

Ndiyo. Sisi ndio tunaogawa. Kila mwaka vinakuja na ile fimbo ndefu ya kupimia, mtoto anasimama, urefu wake unasema ameze vingapi. Kwanza wanakula uji, maana vinachefua. Nimeshika fimbo ile miaka kumi na moja. Vinavyobaki tunavirudisha. Na katika miaka yote hiyo haikunipitia akilini kwamba mtu mzima aliyeshinda majini kuliko mtoto yeyote wa Mafiga anavihitaji vile vidonge.

Nikakaa pale kwenye stuli nikatukana. Sikumtukana mtu, nilitukana tu, hovyo, mpaka Editha akafunga mlango wateja wasisikie. Kisha akaniletea maji.

Dokta Gabrieli alisoma karatasi mara mbili. Akafurahi kweli, alinipa mkono. Akaandika vidonge kwa uzito wa mama, akaeleza kwamba minyoo itakufa, uvimbe wa kongosho utanywea kidogo kidogo. "Ila ini limeshapata makovu," akasema. "Makovu hayaondoki. Mishipa ya koo inaweza kujaa ikapasuka. Siku akitapika damu, mkimbizeni hapa, msingoje kukuche. Lakini hilo usimwambie yeye. Utamtisha bure."

Nikasema sawa, daktari.

Nilimkuta mama uani, kwenye ule uwanja waliomfyekea, amekaa juu ya mkeka anachambua pilipili manga. Alikuwa amebaki mifupa, lakini macho yameanza kuwa meupe. Nikampa shikamoo, nikajitupa pembeni yake, na maneno yakanitoka yenyewe.

"Mama, si saratani! Majibu yametoka. Si saratani!"

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Nani alisema ni saratani?"

Hapo nikakwama. Nilianza sentensi tatu, hakuna iliyofika mwisho. Mama akangoja. Na kwa kuwa nilikuwa sina pa kujificha, nikakimbilia pale nilipopazoea, kwenye hasira. Nikamwambia kwamba angeshapona zamani kama si kaka yake. Nikamweleza nilivyompa chupa, alivyoimwaga dawa, alivyozika vipimo vya watu pembeni ya bibi, nilivyofukua kwa aibu, mlima mzima unatazama. Nikasema mzee yule hana akili, nikasema karibu amuue.

"Mimi ndiye niliyemtuma," mama akasema.

Nikadhani sijasikia sawasawa.

"Alipita wodini kuniaga, koti limevimba. Nikamuuliza nini hicho. Akasema nyama yako, Shamsia kasema niipeleke Kilakala. Nikamuuliza kufanya nini? Hakujua kunieleza. Akaniambia tu usiwe na wasiwasi, dada." Akachukua punje moja, akaitupa pembeni. "Mimi niliambiwa nimekatwa uvimbe, yamekwisha. Kama yamekwisha, nyama yangu inakwenda kwa watu kufanya nini? Nikamwambia kaizike kwa mama. Nilijua nakufa, Shamsia. Mtu anajua. Mlivyokuwa mnanong'ona mlangoni, nilijua. Nikaona nikienda, niende mzima, kisibaki kipande changu kwenye chupa ya mtu."

"Ungeniuliza, mama!"

"Nilikuuliza. Ile jioni ya upasuaji, ulipokuwa unasukuma mkoba chini ya kitanda. Nilikuuliza umeweka nini humo. Ukanifunika shuka, ukaniambia lala, mama."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata sauti niliyoitumia, ile ya kuwatulizia watoto wa darasa la kwanza.

"Na Mjomba je? Mbona hakusema? Nimemtukana mbele za watu, mama. Nimemwita muuaji."

"Nilimkataza. Nilijua utafoka, nikaona afadhali ufoke kwake." Akasukuma ungo pembeni. "Chupa ilikuwa ya kwangu. Nyama ya kwangu. Daktari alikueleza wewe, wewe ukamweleza kaka yangu nusu, huyo mama wa Kilakala mmemweleza. Mimi nani alinieleza?"

Nilitazama ule uwanja uliofyekwa, nikatafuta mtu wa kumkasirikia, sikumpata.

"Haya," mama akasema. Alijivuta akanigeukia, mikono imepakatwa mapajani, kama anavyokaa anapomsikiliza mtu aliyeleta habari kutoka mbali. "Sasa niambie. Naumwa nini?"

Nikamwambia. Nilianzia kwenye konokono. Nikamweleza minyoo inavyokaa kwenye damu, mayai yanavyokwama, mwili unavyojenga kuta kuyazunguka, na jinsi nilivyoliona moja kwa macho yangu lina mwiba ubavuni. Nikatoa vidonge nikamwonyesha, nikamwambia ni vile vile vya watoto, vingapi leo na vingapi kesho, na kwamba ale kwanza maana vitamchefua. Akauliza kama wenzake wa bondeni nao wanavyo hivyo vidudu. Nikasema wengi wao, nadhani. Akatikisa kichwa.

Nikafika mwisho wa yale niliyoruhusiwa kusema, nikanyamaza. Yeye hakuondoa macho.

"Na kingine?"

Nikamwambia. Nikamwambia ini lina makovu ambayo hayatatoka, kwamba iko siku anaweza kutapika damu, na siku hiyo asimngoje mtu, si mimi wala Mjomba, aite pikipiki ashuke. Nikainama nikajifanya nahesabu vidonge.

"Hapo pa damu," mama akasema, "rudia. Taratibu. Itakuwa ya rangi gani?"